Fahamu: Samadi ya nguruwe, kutoka kero hadi mboji

Mbeya, Songwe na Njombe, nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida. Kawaida pia ni ugomvi na majirani kuhusu harufu.

Harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na amonia, gesi inayofuka kinyesi kikichanganyika na mkojo. Nayo huondoka na naitrojeni ambayo mahindi yangeihitaji sana. Kwa hiyo sakafu yenye mwinamo unaopeleka mkojo kwenye shimo lake, pamoja na matandiko makavu ya maranda, huokoa pua na shamba kwa wakati mmoja.

Kumwaga samadi mbichi kwenye mchicha ni hatari kubwa, kwani hubeba mayai ya minyoo na bakteria wa kuharisha. Irundikwe kwanza, mbali na kisima: tabaka la samadi, tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, na maji kiasi. Ukifinya konzi moja, yatoke matone machache tu. Rundo lisipungue kimo cha mita 1, maana dogo halishiki joto. Katikati likifika nyuzijoto 55 hadi 60 kwa siku kadhaa, kisha likageuzwa ili ya nje yaingie ndani, vimelea vingi hufa. Mboji iliyoiva huwa nyeusi na hunukia udongo.

Tahadhari moja isipuuzwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na virusi vyake hukaa kwenye kinyesi. Ikitangazwa wilayani kwako, usipokee wala usiuze samadi. Mpigie afisa mifugo kwanza.