Daktari Hutuma, Dhamana Hubaki Kwake

Lenzi ya kuvaa jichoni huelea juu ya konea, tabaka angavu linalovuta oksijeni yake moja kwa moja hewani. Ikibana, jicho hukosa hewa. Ikichafuka, vijidudu hupata njia ya kuingia, na kidonda cha konea kinaweza kumpofusha mtu. Ndiyo maana sheria huuliza: nani aruhusiwe kuipachika?

Jimbo la Texas, Marekani, linatoa mfano mzuri. Sheria yake inamruhusu daktari kumkabidhi kazi ya kitabibu, kama kupachika lenzi, mtu mwenye sifa na mafunzo, mradi amsimamie. Lakini dhamana haihami. Mgonjwa akidhurika, anayewajibika kwa kitendo hicho bado ni daktari aliyekabidhi. Huo ni msimamo wa haki kabisa, kwani mgonjwa alimwamini yeye.

Kuuza ni jambo jingine. Tangu 2004, sheria ya Marekani nzima inamtaka daktari ampe mgonjwa cheti cha vipimo mara upachikaji unapokamilika, hata asipokiomba, ili anunue lenzi popote apendapo. Muuzaji naye lazima aone cheti hicho au akihakiki kwa aliyekitoa.

Lenzi za urembo, zile za kubadili tu rangi ya macho, hazikusamehewa: tangu 2005 zote huhesabiwa kuwa vifaa tiba.

Basi msomaji, usinunue lenzi za rangi dukani kama hereni. Kapimwe macho kwanza, na umuulize anayekupachikia anasimamiwa na nani.