Kutoka Dishi hadi Antena: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mkazi aliyechoka kulipia dishi kila mwezi anaweza kutazama stesheni za humu nchini kwa antena ya juu ya paa. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka wa 2015, stesheni kama KBC, Citizen, KTN na NTV hurushwa kidijitali kutoka minara iliyojengwa nchini, na kuzitazama hakudai ada ya mwezi. Hata hivyo, katika milima ya Kisii na Nyamira, antena inayofaa boma moja huenda isifae boma la jirani.

King'amuzi kwanza

King'amuzi cha dishi hakisomi mawimbi ya antena. Kinachohitajika ni cha mfumo wa DVB-T2, kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Runinga nyingi mpya tayari zina mfumo huo ndani, kwa hivyo mnunuzi aangalie herufi hizo kwenye boksi au kijitabu cha maelezo. Amuulize pia muuzaji iwapo king'amuzi ni cha bure au cha kulipia, kwa sababu kampuni za kulipia nazo hutumia antena.

Boma liko wapi?

Dishi hutazama setilaiti angani. Antena hutazama mnara. Kilima kikiwa katikati, mawimbi hudhoofika au hukatika kabisa. Nyumba iliyo kileleni na inayoelekeana na mnara huridhika na antena ndogo. Iliyo bondeni, kama zile zilizo karibu na mto Gucha au chini ya ukingo wa Manga, huhitaji antena ndefu ya vijiti vingi juu ya mlingoti unaopita mabati na miti. Antena ya ndani husumbua chini ya paa la mabati.

Antena iwe ya UHF. Kabla ya kununua, tazama antena za majirani wanaopata picha safi: zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Fuata vivyo hivyo.

Kikuza mawimbi, maarufu kama busta, husaidia pale waya ni mrefu au unapogawanywa kwa runinga mbili. Hakiwezi kuunda mawimbi mahali yasipofika, na karibu na mnara kinaweza kuharibu picha.

Picha ikikatika

Picha ya dijitali haififii polepole. Hugawanyika vipande kisha hupotea. Fundi asifunge antena mara tu picha inapotokea. Aizungushe kidogo kidogo huku mwenzake akisoma kipimo cha nguvu na ubora wa mawimbi kwenye skrini. Ubora ndio muhimu zaidi. Kisha king'amuzi kitafute stesheni upya.

Radi

Eneo la Gusii hupigwa na radi mara kwa mara, hasa alasiri, na mlingoti wa chuma juu ya paa huongeza hatari. Uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na chuma kilichozikwa ardhini, kazi ifanywe na fundi wa umeme aliyehitimu, na uwe mbali na nyaya za stima. Mvua inapokaribia, ng'oa plagi ya runinga na waya wa antena mapema. Radi ikishaanza, usiguse nyaya hizo.

Inapowezekana, fundi ajaribu antena juu ya paa kabla ya kulipwa. Dishi lisikatwe hadi picha ithibitike.