Reli ya Matadi juu ya meza: jinsi ya kujenga mlima, daraja na watu

Nilikutana na reli ya Matadi kwanza katika somo la fasihi. Tulikuwa tunasoma Heart of Darkness ya Joseph Conrad, na mwalimu alitueleza kwamba Conrad mwenyewe alipita Matadi mwezi wa sita mwaka 1890, wakati kazi ya reli ilikuwa ndiyo inaanza. Siku za likizo niliamua kuijenga reli hiyo kwa katoni, iwe maketi ya kuwekwa mezani. Makala haya yanaeleza namna nilivyofanya, ili mwanafunzi mwingine akitaka kujaribu asianzie sifuri. Yanaeleza pia kosa langu kubwa, ambalo halikuwa la gundi wala la rangi.

Tuanze na historia kwa ufupi. Kati ya Matadi na Kinshasa mto Kongo hauwezi kupitika kwa meli, kwa sababu ya maporomoko. Kabla ya reli, mizigo yote ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa muda wa majuma kadhaa. Reli ilianzishwa mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1898. Urefu wake ulikaribia kilomita 390, ikiwa na madaraja 99 ya chuma. Sehemu ngumu ilikuwa ya mwanzo kabisa: kutoka Matadi njia ilichongwa ubavuni mwa mwamba, ikafuata bonde la mto Mpozo na kupanda milima ya Palabala. Matadi, kwa Kikongo, maana yake ni mawe. Miaka 3 ya kwanza iliishia kwenye kilomita ishirini na kitu tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kipimo. Mimi nilichukua 1 kwa 87, ambacho wajenzi wengi wa maketi za reli wanakitumia. Kwa kipimo hicho mtu wa kawaida anakuwa na urefu wa sentimita 2. Reli ile ya zamani ilikuwa nyembamba, sentimita 76 hivi kati ya chuma na chuma. Kwenye maketi inakuwa milimita 9 kasoro kidogo. Lakini kilomita moja inakuwa mita 11 na nusu! Huwezi kujenga njia yote, lazima uchague. Meza yangu ina sentimita 120 kwa 60, yaani mita 104 kwa 52 za ardhi ya kweli. Nikachagua kipande kimoja: mwamba, njia iliyochongwa juu yake, daraja dogo, na stoo ya vifaa.

Mlima nilioujenga ni wa firigoliti, lile povu jeupe linalofungia televisheni ndani ya katoni. Gundisha vipande kimoja juu ya kingine, kisha chonga kwa kisu kirefu. Tumia gundi ya mbao. Gundi yenye harufu kali inayeyusha firigoliti. Juu yake bandika vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi na maji, tabaka 3. Kwa mwamba, finyanga karatasi ya alumini mkononi, ikunjue kidogo, mimina plasta ndani yake, na kabla haijakauka ibandike mlimani. Ikishakauka ondoa alumini: mikunjo yake imegeuka nyufa za jiwe. Kisha pitisha rangi nyeusi iliyochanganywa na maji mengi. Inakimbilia kwenye nyufa na kukaa humo. Mwisho, chukua burashi karibu kavu yenye rangi nyeupe na uguse migongo ya jiwe tu.

Hapo nilifanya kosa la kwanza. Udongo niliupaka wekundu, nikaweka na kichuguu. Rafiki yangu aliyezaliwa Matadi alicheka: « Hii ni Lubumbashi! » Vilevile nilikuwa nimefunika mlima wote kwa msitu kama wa sinema. Akanieleza kwamba vilima vya kwao vimejaa majani marefu, na miti mikubwa inafuata mabonde yenye maji. Nikang'oa nusu ya kazi. Majani niliyatengeneza kwa nyuzi za ufagio zilizokatwa fupi. Miti kwa sifongo iliyochanwa na kupakwa rangi. Majani makavu ya chini kwa chai iliyokwisha kunywewa na kukaushwa juani. Mto ni rangi ya kahawia, kisha verni nyembamba mara 5, kila mara ukisubiri ikauke.

Daraja, chora ubavu wake kwenye karatasi, kisha gundisha vipande vya kalenda juu ya mchoro huo. Rudia kwa ubavu wa pili, na zote mbili zitalingana. Stoo ilihitaji paa la manjanja, yaani mabati. Nilikata alumini ya sahani za chakula na kuisugua kwa ukucha juu ya buloni ya milimita 6. Nyuzi zake zinaachana milimita 1, karibu sawa na mawimbi ya manjanja ya kweli yakipunguzwa mara 87.

Nilipomaliza niliiweka kwenye chumba cha kusomea. Watu waliisifu. Kisha Papa mmoja, mzazi wa mwenzetu, aliinama, akaitazama kwa muda, akauliza: « Mwanangu, nani alijenga? » Nikajibu: « Mimi, Papa. » Akasema: « Sikuulizi maketi. Nauliza reli. »

Sikuwa nimeweka mtu hata mmoja.

Sisi tunaosoma lugha tunaijua kauli ya kutendwa. « Reli ilijengwa mwaka 1898 » ni sentensi kamili, lakini mtendaji hayumo. Maketi yangu ilikuwa sentensi hiyo hiyo. Hesabu rasmi inasema walikufa Wazungu 132, na Waafrika na Waasia 1,800. Walikuwemo watu wa Kongo, wa Afrika Magharibi, wa kisiwa cha Barbados, na Wachina walioletwa kutoka Macau mwaka 1892. Ukigawanya 1,800 kwa urefu wa njia, unapata wafu wasiofika 5 kwa kilomita. Meza yangu ya mita 104 haingepata hata kaburi moja. Lakini vifo havikugawanyika hivyo. Vingi vilitokea miaka ya mwanzo, kwenye mwamba uleule nilioupaka rangi kwa furaha. Wastani nao unaweza kuficha watu.

Kwa hiyo nilirudi kazini. Mtu mmoja ni waya mwembamba uliokunjwa, karatasi laini yenye gundi ikizungushwa juu yake, na rangi. Nimetengeneza 40: wengine wanabeba reli, wengine wanapiga mwamba, wawili wanambeba mgonjwa kwenye machela. Nyuma ya stoo kuna vilima vidogo vya udongo, mstari mmoja.

Ukijenga yako, ndugu msomaji, anza na watu. Mlima utawapisha.