Jinsi ya kumtafuta babu aliyepotelea Kariakor

FAMILIA nyingi nchini zina babu ambaye habari zake zimebaki sentensi moja tu: alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani na hakurudi.

Aghalabu mtu huyo alikuwa mpagazi wa Carrier Corps, kikosi ambacho wenyeji walikiita Kariakor, jina lililobaki kwa mtaa wa Nairobi kama Kariakoo ilivyobaki Dar es Salaam. Kati ya 1914 na 1918, Waingereza waliwakusanya wanaume kwa maelfu wawabebee wanajeshi chakula na risasi hadi ndani ya koloni la Mjerumani, ambayo sasa ni Tanzania Bara. Msako mkali zaidi ulikuwa wa 1917, chini ya John Ainsworth. Kuhara, malaria na njaa viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi.

Anayemtafuta babu kama huyo hukosea anapoanza na jina. Makarani waliandika walivyosikia, na wapo waliotaja majina ya uongo wakitumai kutoroka. La kutegemewa zaidi ni jina la chifu, kwani serikali iliwadai machifu watu, haikuuliza ukoo.

Kwa hivyo kazi huanzia nyumbani. Wazee waulizwe chifu wa wakati huo alikuwa nani, babu alitahiriwa na rika gani, na ni njaa au maradhi gani yaliyotangulia kuondoka kwake. Akina nyanya wasisahauliwe. Wake ndio waliobaki wakingoja, na simulizi zao mara nyingi ndizo zenye maelezo kamili.

Baadaye ndipo mtu aende katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue jijini Nairobi, akasome ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya. Asitarajie kumkuta babu humo kwa jina. Atafute habari za jinsi watu walivyochukuliwa katika wilaya hiyo, na lini. Waliokuwa wasomi wa misheni wana nafuu, kwani makanisa yaliweka madaftari ya ubatizo. Mnamo 1917 Dkt John Arthur wa misheni ya Kikuyu aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka misheni.

Kuna pia kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 lakini ikatekelezwa baada ya vita, wanaume wakachukuliwa alama za vidole na kuning'iniziwa shingoni kijisanduku cha chuma. Ikiwa ndugu za babu waliacha vipande naye hakuacha, hiyo ni dalili, ingawa si thibitisho, kwamba hakufika nyumbani.

Majina haya yana uzito. Mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana. Mnara wa askari na wapagazi uliozinduliwa 1928, ambao uko Kenyatta Avenue, hauna jina la mpagazi hata mmoja.

Mnamo 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi, na tangu hapo imekuwa ikiyatafuta majina hayo.