Kompyuta Inaposoma Picha ya Kifua

Katika vikao vyetu na kamati za sharika tumeulizwa mara nyingi: je, ni kweli kwamba siku hizi kompyuta inampima mgonjwa badala ya daktari? Tumeona vyema tujibu kwa mfano wa kifua kikuu.

Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia programu za akili mnemba zitumike kusoma picha za eksirei za kifua badala ya mtaalamu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu hizi zimefundishwa kwa maelfu ya picha za wagonjwa na za wasio wagonjwa. Zikipewa picha mpya hutoa alama kwa muda mfupi. Alama ikiwa kubwa, mhusika anatiliwa shaka.

Faida yake ni kubwa pale ambapo wataalamu wa kusoma picha ni wachache. Tafiti za kitaifa katika nchi nyingi za Afrika na Asia zimeonyesha kuwa karibu nusu ya waliokutwa na kifua kikuu hawakuwa na dalili walizozitambua. Watu hao hawaendi zahanati, lakini eksirei ya kubebeka inaweza kuwafuata kijijini.

Hata hivyo, alama si jibu la mwisho. Kovu la ugonjwa uliokwisha kupona linaweza kuidanganya programu. Kwa sababu hiyo, mwenye alama kubwa ni lazima apimwe makohozi. Tena, kiwango cha alama hupangwa na watu: kikishushwa mno, wengi wataitwa bure, kikipandishwa mno, baadhi ya wagonjwa watarudishwa nyumbani.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanza. Mtu akiambiwa anatiliwa shaka, kisha akakosa nauli ya kwenda kupima makohozi, tumempa hofu tu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Hapa Tanzania dawa hutolewa bure, ila nauli na chakula hugharimiwa na familia.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wasiulize tu ni wangapi wamepigwa picha, bali wangapi wamepimwa makohozi na wangapi wamemaliza dozi. Nazo kamati za sharika tunaziomba ziteue watu wa kuwasindikiza wagonjwa, kwa kutunza siri zao, hadi watakapopona.