Tanga Si Mbali, Lakini Usiuze Shamba

Huku Magwagwa, katika vilima vya chai vya Nyamira, kijana mmoja kaniuliza: "Mzee wa pwani, nikiuza kishamba alichonigawia baba, nitapata nyumba Tanga?" Kasikia maisha ya huko ni nafuu kuliko Mombasa.

Ndugu msomaji, Tanga ni mji mwanana. Una bandari, una misikiti, una reli iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893. Machui, jirani yake, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kutoka Mombasa wavuka Lunga Lunga na Horohoro, na lugha ni ile ile.

Lakini lugha moja si sheria moja. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, ila mgeni bado hutakiwa kibali cha kazi. Nayo Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Tena wazee hawajasahau mpaka ule ulivyofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi 1983. Kuzuru jamaa ng'ambo ya pili ikawa taabu.

Nikamjibu: "Mwanangu, kuhama si aibu. Nenda, panga chumba, kaa mwaka mzima, ujue bei ya mkaa na tabia za watu. Shamba liache. Chumba cha kupanga huhamwa. Shamba la baba likishauzwa halirudi."

Waarabu husema, jirani kabla ya nyumba. Nami naongeza: na sheria kabla ya jirani.