Tovuti inayogoma na kurudi: Swali la kwanza ni saa ngapi

KATIKA ofisi nyingi zinazotegemea mtandao, kuna hitilafu moja ambayo humchosha fundi kuliko kompyuta iliyozimika kabisa. Tovuti inakataa kufunguka ikieleza kuwa imeshindwa kuwasiliana na hifadhidata, mtumiaji anajaribu tena, na ukurasa unafunguka kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi anapofika, hana cha kuona.

Hitilafu hiyo huchukuliwa kuwa ni kero ndogo, lakini inapogusa malipo huwa na gharama. Muunganisho ukikatika baada ya malipo kuandikwa na kabla ya jibu kurudi, mteja huambiwa kuwa ameshindwa ilhali fedha zake zimekwisha kupokewa. Akijaribu tena, anaweza kulipa mara mbili.

Ili kuelewa chanzo chake, ni vema kufahamu kuwa tovuti ya aina hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni programu inayoandaa kurasa, na ya pili ni hifadhidata inayotunza majina, bei na kumbukumbu za malipo. Kwa kuwa kufungua njia mpya ya mawasiliano kwa kila ombi huchukua muda, programu nyingi huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Kila ombi huazima mmoja, hulitumia kwa shughuli yake, kisha huurudisha.

Akiba hiyo ndiyo inayoharakisha kazi, na mara nyingi ndiyo inayoficha kasoro. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza nini kimeharibika, fundi hana budi kuuliza hitilafu hutokea saa ngapi.

Mfano ni ofisi ya kukatia tiketi inayofungwa saa 11 jioni na kufunguliwa saa 2 asubuhi, ambako anayeathirika kila siku ni mteja wa kwanza. MySQL, hifadhidata iliyoanzia Sweden mwaka 1995 na kuingia mikononi mwa kampuni ya Oracle mwaka 2010, kwa mpangilio wake wa awali hukata muunganisho wowote uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa nane kamili.

Katika ofisi hiyo, muda huo hutimia saa 7 usiku wakati wote wamelala. Hifadhidata inakata miunganisho, lakini programu haina habari na inaendelea kuihesabu kuwa mizima. Asubuhi mteja wa kwanza anapewa muunganisho uliokwisha kufa, anapata hitilafu, nao unatupwa na kufunguliwa mwingine. Ndiyo maana akijaribu mara ya pili au ya tatu anafanikiwa.

Hali ni tofauti pale hitilafu inapojitokeza wakati wateja ni wengi. MySQL, kwa mpangilio wake wa awali, hupokea miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na PostgreSQL hupokea 100. Tovuti yenye seva nane, kila moja ikiwa na akiba ya miunganisho 20, inahitaji 160. Hapo ndipo mmiliki aliyeongeza seva ili kuwahudumia wateja haraka hushangaa kuona wanakataliwa zaidi kuliko awali.

Aina ya tatu huanza polepole. Mfumo ukiwashwa upya hufanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, kisha hukwama. Mara nyingi kuna sehemu ya programu inayoazima muunganisho na kutourudisha, hasa shughuli inapoharibika katikati. Akiba hupungua mmoja mmoja hadi inakwisha. Kuzima na kuwasha mfumo huonekana kuwa ni tiba, kumbe hufuta ushahidi ambao ungemwonyesha fundi chanzo.

Aidha, kasoro yaweza kuwa njiani. Ukuta wa usalama ulio kati ya seva mbili unaweza kuusahau muunganisho uliokaa kimya kwa dakika chache tu, bila kuuarifu upande wowote. Dalili yake ni ukurasa unaoganda kwa muda mrefu badala ya kukataliwa papo hapo.

Kila chanzo kina dawa yake. Kwa ile ya asubuhi, programu hupangiwa kuubadilisha muunganisho kabla ya kufikia ukomo wa hifadhidata, au kuupima kwanza kabla ya kuuazimisha. Kwa msongamano, hujumlishwa akiba za seva zote ili zisizidi uwezo wa hifadhidata. Kupandisha ukomo huo bila hesabu si suluhisho, kwani kila muunganisho hula sehemu ya kumbukumbu ya seva. Kwa akiba inayovuja, hutazamwa orodha ya miunganisho iliyo wazi ili kubaini ile iliyokaa muda mrefu bila kazi.

Kuhusu malipo, kinga ni kuyapa kila malipo namba yake ya pekee kabla hayajatumwa, ili hifadhidata ikiletewa namba ileile kwa mara ya pili iikatae.

Mteja naye ana wajibu wake. Anapokutana na hitilafu wakati wa kulipa, ahakikishe kwanza katika simu au akaunti yake iwapo fedha zimekwisha kutoka kabla ya kujaribu tena. Kisha aandike saa na dakika ya tukio na kuziwasilisha kwa wahusika, kwani kwa fundi, taarifa hiyo fupi ina manufaa kuliko malalamiko ya kwamba tovuti ni mbovu.